Kurudi kwenye baiskeli baada ya miaka 50: Zingatia haya kabla ya kujiunga na klabu

Swali hili nalisikia mara kwa mara kliniki, hasa kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari waliovuka miaka 50: “Daktari, wenzangu wana klabu ya baiskeli. Mimi zamani nilikuwa naendesha. Naweza kurudi?”

Kwa wengi jibu ni ndiyo. Aliyejifunza baiskeli utotoni, akaenda nayo shule au shamba, hasahau. Atayumba dakika chache kisha mwili utakumbuka. Hapo ndipo penye hatari. Uzoefu hurudi kwa siku moja, lakini moyo, misuli na magoti huhitaji wiki kadhaa. Mtu hujiona bado kijana, na akiwa kwenye kundi hataki kuachwa nyuma.

Faida zipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Safari tano za nusu saa zinatosha kufikia kiwango cha chini. Uzito wa mwili hubebwa na kiti, hivyo wengi wenye maumivu ya magoti humudu baiskeli kuliko kukimbia. Klabu nayo inasaidia kwa namna yake: mazoezi ya peke yako ni rahisi kuyaahirisha, lakini watu wanaokusubiri saa 12 asubuhi utawaonea haya.

Nani amwone daktari kwanza?

Ni mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu, aliyewahi kupata kiharusi, na anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia au kuanguka mara kwa mara. Shinikizo likifika 180/110 au zaidi, baiskeli isubiri hadi lidhibitiwe.

Usiache dawa kwa sababu umeanza mazoezi. Dawa kama atenololi hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakutakuonyesha vizuri kama umezidisha. Tumia mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza mwendo.

Wenye kisukari

Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka akiwa barabarani, hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Beba glukosi au juisi yenye sukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jingi lisilo la kawaida au kuchanganyikiwa, simama, inywe, subiri dakika 15, kisha pima tena.

Mwambie kiongozi wa msafara na mwenzako mmoja kuwa una kisukari. Wengi huficha kwa aibu. Lakini mtu ambaye sukari imeshuka huenda asiweze kujieleza, na wenzake wakidhani amechoka tu, watamwacha apumzike peke yake wakati anahitaji sukari haraka.

Wiki za kwanza

Anza na dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa wiki, mahali tambarare pasipo na magari. Jizoeze kufunga breki, kugeuka kutazama nyuma na kutoa ishara kwa mkono mmoja. Ukimudu nusu saa vizuri, ndipo uende klabuni. Uliza: kuna kundi la wanaoanza? Nani hukaa na wa mwisho? Klabu isiyomsubiri wa mwisho haikufai kwa sasa.

Rekebisha urefu wa kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti lipinde kidogo tu. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti kwa mbele. Vaa kofia ngumu, ikae vidole viwili juu ya nyusi na mkanda ufungwe. Kunywa maji, hasa kama unatumia dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo. Endelea pia kutembea kwa miguu, kwa sababu baiskeli haiimarishi mifupa sana.

Simama mara moja

Shuka na utafute msaada wa kwenda hospitali ukihisi kifua kubana, maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, pumzi kukatika kuliko kawaida, au kutaka kuzimia. Usijikaze kumalizia safari ili usiwacheleweshe wenzako.

Na kama anayetaka kurudi kwenye baiskeli ni baba au mama yako, usimwambie umri wake umepita. Mpeleke akapime shinikizo na sukari, kagua breki zake, kisha mwekee mfukoni karatasi yenye namba yako ya simu na majina ya dawa anazotumia.