Kisangani: Wi-Fi ya nyumba ya mbele inapokosa kufika nyumba ya nyuma

KISANGANI – Parseli moja, nyumba mbili. Mbele kuna nyumba kubwa ya wazazi, nyuma kuna aneksi wanamolala vijana au mpangaji, na katikati kuna kisima, kamba ya nguo na mwembe. Iwe Mangobo, Kabondo au Tshopo, huo ndio mpangilio wa parseli nyingi za mji huu. Familia inapojikaza na kulipia intaneti ya mwezi, ruta inawekwa sebuleni, kwenye nyumba ya mbele. Huko nyuma simu inaonyesha alama moja ya Wi-Fi, kisha hakuna kitu. Mwanafunzi wa UNIKIS mwenye kazi ya kutuma kwa profesa anarudi kununua megabaiti kwenye simu yake, na familia inalipa mtandao mara mbili ndani ya parseli moja.

Swali hilo limeongezeka uzito tangu mwaka 2025, ambapo mwezi wa tano serikali ilimpa Starlink leseni ya kufanya kazi nchini. Mwezi wa tatu 2024, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ARPTC, ilikuwa imekataza vifaa hivyo kwa sababu havikuwa na kibali. Sasa sahani moja juu ya bati inaweza kuleta mtandao mahali ambapo faiba haijafika. Lakini sahani, kama modemu ya simu, inalisha ruta moja tu, na ruta hiyo haijui kama kuna nyumba ya pili.

Wengi hudhani dawa ni kununua ruta yenye antena nyingi zaidi. Mara nyingi hiyo ni pesa ya bure. Mita 30 za hewa tupu si tatizo kwa Wi-Fi. Kinachoizuia ni vitu vilivyo njiani: ukuta wa matofali ya kuchoma, ukuta wa pili wa aneksi, mlango wa chuma, na hasa bati, ambalo hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Majani ya mwembe nayo hunywa mawimbi, na yakiwa yamelowa hunywa zaidi. Kisangani haina kiangazi cha kweli, mvua hunyesha karibu kila mwezi, kwa hiyo mti uliolowa ni hali ya kawaida hapa. Zaidi ya hayo, hata ruta ikipiga kelele kwa nguvu, simu iliyo nyuma ina sauti ndogo. Ruta haisikii jibu lake.

Hatua ya kwanza haigharimu hata franka moja: kuhamisha ruta hadi kwenye dirisha linalotazama nyuma, juu, mbali na friji na televisheni, na kuchagua mawimbi ya gigahezi 2.4 badala ya 5. Yale ya 5 yana mbio, lakini huchoka haraka mbele ya ukuta. Katika parseli ndogo, hilo peke yake linaweza kumaliza shida.

Lisipotosha, wauza vifaa humpa mteja repita, kile kidude cha kuchomeka ukutani. Kinafanya kazi, kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: kinapaswa kukaa mahali ambapo mtandao bado ni mzuri. Kikichomekwa ndani ya aneksi, kinarudia ubovu uleule kwa sauti kubwa. Tena repita nyingi za bei ndogo hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo mbio za mtandao hupungua karibu nusu.

Kebo ndiyo njia ya uhakika zaidi. Kebo ya mtandao ya kawaida inafika hadi mita 100, umbali ambao parseli chache mjini zinaupita. Inapitishwa ndani ya bomba la plastiki na kufukiwa ardhini kina cha kutosha jembe lisiifikie, kisha mwisho wake unafungwa kwenye ruta ya pili ndani ya aneksi. Mnunuzi akwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo haidumu. Ruta ya pili nayo ipangwe iwe kituo cha kusambaza tu. Kazi ya kugawa anwani kwa simu iachiwe ile ya mbele, la sivyo zote mbili zitagombana na mtandao utakuwa unakatika bila sababu inayoonekana.

Hatari ya kebo ya shaba hapa inaitwa radi. Bonde la Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na waya unaounganisha nyumba mbili ni barabara ya kupitisha umeme huo kutoka moja hadi nyingine. Si lazima radi ipige nyumba. Ikipiga karibu inatosha kuunguza ruta zote mbili. Ndiyo maana mafundi makini hupenda kutumia uzi wa faiba kati ya majengo, kwa kuwa ni kioo na haupitishi umeme, pamoja na vigeuzi viwili vidogo kwenye ncha zake. Asiyeweza gharama hiyo achomoe kebo mawingu yanapoanza kunguruma.

Pale ambapo huwezi kuchimba, kwa mfano kuna barabara katikati au parseli ya mtu mwingine, zinabaki antena mbili ndogo za nje zinazotazamana. Kila moja inafungwa kwenye nguzo, zinaelekezwa uso kwa uso, na zinatengeneza daraja lisiloonekana. Kosa la kawaida ni kuridhika kwamba antena zinaonana kwa jicho. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yana umbo la mtumbwi, membamba kwenye ncha na manene katikati. Kwa umbali wa mita 100 na gigahezi 5, tumbo la mtumbwi huo lina zaidi ya mita moja kila upande. Tawi la mwembe au ncha ya bati ikiingia humo, mbio zinashuka hata kama njia inaonekana wazi.

Zikielekezwa vizuri, antena hizo hushangaza. Mwaka 2007 huko Venezuela, timu ya Ermanno Pietrosemoli iliunganisha milima miwili kwa Wi-Fi, umbali wa kilomita 382. Karibu zaidi na sisi, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilipata mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net. Nyumba mbili za Mangobo hazihitaji hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo.

Linabaki suala ambalo kila Boyomais analijua: umeme. Ruta ya pili ni mdomo wa pili wa kulisha. Snel ikikata, nyumba ya nyuma inapotea mtandao hata kama ya mbele ina jenereta. Kwa bahati nzuri ruta nyingi hutumia volti 12 na hazizidi wati 10. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayouzwa kwa ajili ya vifaa vya kengele, inaweza kuishikilia kwa saa nne au tano, ikiwa chaja inayoijaza umeme unaporudi ni nzuri.

Kuna pia mpaka wa sheria. Kugawana na mtoto au mpangaji wa aneksi ni jambo la nyumbani, ingawa ni vema kusoma mkataba wa kampuni inayokuuzia. Kurushia majirani wa avenyu nzima na kuwatoza kila mwezi ni biashara ya mawasiliano, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inaiweka chini ya ARPTC. Vijana wenye antena juu ya bati na wateja kumi wanaolipa kwa simu wako tayari ng'ambo ya mpaka huo, wawe wanajua au hawajui.