Mia nyeupe ya Nyerere nusura imeze mpunga wa shangazi!

HAYA wapenzi, wiki hii kijiwe chetu kimehamia Mang'ula, bonde la Kilombero, miguuni kabisa pa milima ya Udzungwa. Sikwenda kutalii wala kuoga kwenye maporomoko ya Sanje. Nilikwenda kuokoa gunia 2 za mpunga.

Kisa kilianzia kwenye picha. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alinirushia kwenye simu sarafu 3 kazipanga juu ya kitambaa chekundu utadhani vito vya bibi harusi. Chini kaandika: "Kaka, tumetoka!" Kuna jamaa kamwambia hizo zilikosewa kiwandani, na majuu huko moja inakwenda kwa mamilioni. Ila kabla mzigo haujaondoka, binamu atoe shilingi 180,000 za "cheti cha uhalisi". Na pesa hiyo itoke wapi kama si kwenye mpunga wa mama yake?

Mie nina kopo langu la sarafu tangu darasa la 4, na niliwahi kuuziwa kanyaboya: shilingi "isiyo na mwaka", kumbe mwaka wenyewe umesuguliwa kwa msasa. Niliposikia neno cheti tu, nikapanda basi.

Shangazi kanipokea na swali: "Mwanangu, umekuja na njaa au umekuja na maneno?" Nikamjibu vyote viwili. Baada ya wali nikaomba vifaa. Tulipata sumaku ya spika ya redio mbovu, rula ya shule, penseli, na ile lenzi ya kubana jichoni tuliyoazima kwa fundi saa wa sokoni. Maabara tayari!

Kwanza niwaeleze nilivyomweleza binamu. Sarafu haimiminwi kwenye kalibu kama sufuria. Kisahani kitupu cha chuma kinakaa katikati ya chapa 2, moja juu na moja chini, kimezungukwa na pete ya kukizuia kisitanuke. Kinabanwa kwa nguvu ya ajabu, chuma kinajaa kwenye vishimo vya chapa, picha inasimama. Kosa la kiwandani hutokea kabla ya pigo hilo au wakati wa pigo lenyewe. Lililokuja baadaye ni jeraha tu, hata liwe la kustaajabisha namna gani. Kwa hiyo unaposhika sarafu ya ajabu jiulize: kipi kilitangulia, picha au kasoro?

Tukaanza na mia mbili ya Karume, pana kama chapati. Jamaa alidai imepigwa kwenye kisahani kikubwa cha nchi nyingine. Nikalaza rula juu ya penseli, mia mbili hiyo upande huu, mia mbili ya kawaida upande ule. Zikatulia sawa! Chuma ni kilekile, kimekandamizwa tu. Kwenye lenzi mambo yakawa wazi zaidi, maana uso wa Karume umefutika upande mmoja na herufi zimeburutwa kama tope lililopitiwa na tairi. Ni kweli kiwandani pete ikikosekana sarafu hutanuka, lakini pale picha inabaki nzima katikati, haiburutwi.

"Binamu," nikamuuliza, "hapa na reli ya TAZARA ni hatua ngapi?" Akaangalia chini, shangazi akaangua kicheko. Treni zinapita Mang'ula tangu miaka ya 1970, na sidhani kuna kizazi cha watoto wa hapa ambacho hakijaweka sarafu juu ya reli na kujificha kwenye majani.

Ya pili ilikuwa jero ya mwaka 2014, ile ya nyati, imemegeka pembeni mfano wa biskuti iliyong'atwa. Hapa nilipunguza dharau kidogo, kwa sababu kosa la namna hii lipo. Mashine ya kukata visahani ikipitia mahali ambapo imekwisha kata, kisahani hutoka na pengo la mviringo. Lakini pengo la kweli huacha alama upande wa pili: pale mkabala ukingo huwa hafifu, maana chuma kilipungua nguvu ya kusukumana. Jero yetu ukingo wake wa mkabala ulikuwa mzima, kama wa sarafu iliyotoka benki jana. Halafu jero ni chuma cha pua kilichovikwa nikeli, na kawaida visahani vya hivyo hukatwa kwanza ndipo vikavikwa. Pengo la kiwandani lingekuwa limevikwa nalo. Hili lilikuwa na kutu nyekundu na mikwaruzo ya tupa.

Sasa mia nyeupe! Ya 1994, Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili, inameremeta. Hii ndiyo jamaa aliiita fedha tupu. Sumaku ikainasa paa! Fedha hainasi, wajameni. Mia hiyo ni chuma cha pua kilichovikwa shaba ya njano. Je, haiwezi kuwa ilipigwa kabla ya kuvikwa? Inaweza, na makosa hayo yapo duniani. Basi nikabana lenzi. Uso umejaa vitundu kama wa aliyeugua ndui, herufi zimekonda, na ndani kabisa, kwenye kona za herufi, bado kuna unjano. Koti lilikuwepo siku ya kupigwa, likavuliwa baadaye. Mie nahisi maji ya betri.

"Uliiokota wapi?"

"Aliniuzia yeye mwenyewe, kwa buku 5."

Kimya. Shangazi akaacha kupepeta mchele.

Niseme haki, makosa ya kweli yapo, tena hapahapa nchini. Mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezibiwa bahari na Mwingereza, aliamua kujipigia sarafu Tabora kwenye karakana ya reli: dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na za shaba za heller 5 na 20. (Ndiyo, "hela" tunayoililia kila mwisho wa mwezi imetokana na neno hilo.) Kazi ilikuwa ya haraka, chapa zaidi ya moja zikatumika, ndiyo maana heller 20 za Tabora nyingine zina taji kubwa na nyingine dogo, na nyingine zimepigwa hafifu. Wakusanyaji wanazigombania. Lakini ile senti ya zamani yenye tundu katikati siyo kosa, tundu lake ni la makusudi, asije mtu akakulia pesa yako.

Shangazi akaingia chumbani, akatoka na kopo. Ndani mlikuwa na senti 20 ya mbuni, ya mwaka 1966, na mstari mwembamba kutoka ukingoni hadi shingoni mwa mbuni. Nikapitisha ukucha. Ukakwama, maana mstari umeinuka! Mkwaruzo huchimba chini, ila chapa ikipasuka chuma huingia kwenye ufa na kusimama juu. Kosa halisi la kiwandani, wapenzi, limelala kwenye kopo Mang'ula miaka yote hiyo.

"Inanunua nini?" akauliza shangazi.

"Kidogo sana, shangazi. Mpenda sarafu atakupa cha soda, labda na andazi."

Jioni binamu akampigia jamaa, simu kwenye spika. Akamwambia mzigo upo tayari, gharama ya cheti akate humohumo kwenye mamilioni. Jamaa akasema mtandao haushiki vizuri. Tangu hapo hapatikani.

Mpunga upo stoo. Mia nyeupe binamu kanigawia mie, na ile ya mbuni shangazi kairudisha kwenye kopo akafunika.