Uigizaji wa saketi

Uigizaji wa saketi ni kazi ya kutumia programu ya kompyuta kukokotoa jinsi saketi ya umeme itakavyofanya kazi kabla ya kuundwa. Mtumiaji huchora saketi kwenye skrini na kuweka thamani ya kila kijenzi, kama vile resista, kapasita au transista. Kisha programu humwonyesha volti na mkondo katika kila sehemu. Njia hii hutumiwa na wahandisi, wanafunzi na watu wanaojiundia vifaa nyumbani, kwa mfano amplifaya ya gita. Hata hivyo, programu hukokotoa kile tu kilichochorwa. Mambo mengi yanayoamua kama amplifaya italia vizuri, na kama ni salama, hayaonekani kwenye mchoro.

Historia

Programu nyingi za aina hii zinatokana na SPICE, iliyoandikwa na Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya profesa Donald Pederson, na kutangazwa mwaka 1973. Ilikusudiwa hasa kwa saketi jumuishi, ambazo haziwezi kurekebishwa kwa lehemu baada ya kutengenezwa. Siku hizi LTspice na ngspice hupatikana bila malipo.

Namna inavyofanya kazi

Kila kijenzi huwakilishwa na milinganyo ya hisabati inayoitwa modeli. Programu huunganisha milinganyo hiyo kwa kanuni za Kirchhoff, kisha huitatua tena na tena kwa hatua ndogo sana za wakati. Kwa njia hii mwanafunzi anaweza kujua kama transista imepewa volti zinazofaa, ishara inakuzwa mara ngapi, na masafa gani yanapungua.

Mipaka yake

Chanzo cha ishara. Wanaoanza huchora gita kama chanzo kamili cha volti. Kwa kweli, pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na inaweza kuwa na induktansi ya henri kadhaa. Pikapu ya henri 4 huzuia mkondo kwa takriban omu 75,000 kwenye masafa ya hezi 3,000. Ikiunganishwa moja kwa moja na chipu ya LM386, ambayo ukinzani wake wa kuingilia ni takriban omu 50,000, karibu nusu ya volti za masafa hayo hupotea na gita husikika zito. Mchoro wenye chanzo kamili hauonyeshi hasara hiyo. Ndiyo sababu amplifaya nyingi za gita huwa na ukinzani wa kuingilia wa takriban omu milioni 1.

Tofauti za vijenzi. Modeli hutoa namba moja, lakini vijenzi vya dukani hutofautiana. Kwa transista ya J201, mtengenezaji huruhusu mkondo wa juu uwe popote kati ya miliampea 0.2 na 1. Saketi inayofanya kazi kwenye kompyuta inaweza kukwama na transista halisi yenye jina lilelile.

Waya na betri. Kwenye mchoro, waya hauna urefu na betri ya volti 9 haichoki. Kwenye bodi, waya wa kutoka ukipita karibu na waya wa kuingilia, ishara hurudi nyuma na amplifaya huanza kupiga mluzi yenyewe. Kwa ajili ya uthabiti, saketi za mfano za LM386 zinazotolewa na mtengenezaji huonyesha resista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.05 kwenye njia ya spika. Mvumo wa umeme wa nyumbani unaoingia kupitia waya wa ardhi uliounganishwa vibaya pia hauonekani kwenye uigizaji wa kawaida.

Joto na usalama. Kwa kawaida SPICE huchukulia kwamba kila kijenzi kina nyuzijoto 27. Resista ya robo wati inaweza kubebeshwa wati 50 kwenye skrini bila kuungua. Hatari hii ni kubwa zaidi katika amplifaya za valvu, kama zile zinazofuata mchoro wa Fender Champ, ambazo hutumia zaidi ya volti 300. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji inayoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kabla ya kugusa ndani, ni lazima chaji hiyo iondolewe kupitia resista inayofaa na kuhakikishwa kwa multimita. Programu haitoi onyo lolote kuhusu jambo hili.

Sauti. LTspice inaweza kusoma faili la sauti la WAV na kuandika lingine, lakini matokeo hayana spika, sanduku wala chumba. Ukinzani wa spika ya omu 8 hubadilika kulingana na masafa, na koni yake hubadilisha sana sauti ya gita.

Matumizi bora

Uigizaji hufaa zaidi kwa kukataa mawazo mabaya mapema na kulinganisha thamani za vijenzi. Baada ya hapo saketi huundwa kwenye bodi ya majaribio, volti zake hupimwa na kulinganishwa na zile za programu. Vipimo vikitofautiana na hesabu, kosa hutafutwa katika uunganishaji na katika vijenzi, na pia katika kile ambacho mchoro uliacha.