Brexit na Likizo ya Ulaya: Kadi ya Afya Ipo, Lakini Bili Bado Yaweza Kukufikia

Kama una ndugu anayeishi Uingereza, mpango huu si mgeni kwako. Shule zikifungwa Julai, familia inapanda ndege kwenda Hispania au Ureno wiki mbili, inaota jua, halafu inarudi kazini. Safari ni fupi na tiketi wakati mwingine ni rahisi kuliko nauli ya Nairobi hadi Mombasa msimu wa Krismasi. Shida huanza mtu akivunjika mguu kwenye ngazi za hoteli. Hapo ndipo simu za Kenya huanza kulia: tuma chochote ulicho nacho.

Sisi kazi yetu ni pesa kwenye simu, si mambo ya viza. Lakini tumeona ni vizuri tueleze jambo hili kwa sababu pesa za dharura hutumwa haraka, na mara nyingi hutumwa kulipia kitu ambacho kingepangwa mapema kwa gharama ndogo. Basi tuanze.

Ni nini hasa kiliisha?

Waingereza walipiga kura ya maoni 23 Juni 2016. Uingereza ikatoka rasmi kwenye Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, lakini kukawa na kipindi cha mpito ambapo sheria za zamani ziliendelea kutumika. Kipindi hicho kiliisha 31 Desemba 2020. Kuanzia siku iliyofuata, Mwingereza akifika uwanja wa ndege wa Madrid au Paris ni mgeni kutoka nje ya Umoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua muungano ukivunjika mambo huwa vipi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukaja kufunguliwa tena 1983. Shirika la ndege la pamoja nalo likafa, Kenya ikaanzisha lake mwaka huohuo. Ya Uingereza hayakufika huko. Mipaka haikufungwa na watu bado wanasafiri. Kilichobadilika ni kwamba mambo mengi yaliyokuwa yakija yenyewe, sasa lazima uyapange mwenyewe, na mengine uyalipie.

Siku 90 na umri wa pasipoti

Zamani Mwingereza angeweza kukaa Hispania msimu mzima wa baridi bila mtu kumhesabia siku. Sasa kwenye nchi za Schengen, ambazo ni 29, anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Hesabu hii haianzi upya mwezi wa Januari. Kila siku unayokuwa huko, wanaangalia nyuma siku 180.

Tuseme shangazi yako wa Birmingham, mwenye pasipoti ya Uingereza, alikaa Hispania kuanzia 1 Machi hadi 29 Aprili. Hizo ni siku 60. Akirudi 1 Julai, ana siku 30 tu. Zile siku za Machi zitaanza kutoka kwenye hesabu 28 Agosti. Na siku zote zinajumlishwa: ukizimalizia Ufaransa, huwezi kuanza nyingine Italia.

Zamani mihuri ya pasipoti ndiyo ilitumika kuhesabu siku hizo. Sasa kuna mfumo wa kielektroniki unaoitwa EES, ulioanza 12 Oktoba 2025. Unachukua alama za vidole na picha ya uso wa mgeni, na siku zinahesabiwa na kompyuta. Hata Mkenya anayeingia kwa viza ya muda mfupi yumo kwenye mfumo huu.

Pasipoti nayo ina masharti mawili. Siku ya kuingia, iwe haijafikisha miaka 10 tangu itolewe. Na siku ya kuondoka, iwe imebakisha angalau miezi mitatu kabla ya kuisha. Hapa wengi hunaswa, kwa sababu hadi Septemba 2018 Uingereza ilikuwa ikiongeza miezi iliyobaki ya pasipoti ya zamani kwenye pasipoti mpya. Mfano: pasipoti iliyotolewa 10 Julai 2016 yaweza kuandikwa kwamba inaisha 10 Machi 2027. Ukiisoma haraka unaona iko sawa. Lakini ukifika nayo Hispania 15 Agosti 2026, imeshapita miaka 10, na unaweza kurudishwa pale pale uwanjani.

Kadi ya afya ipo, lakini si bima

Hapa ndipo pesa zilipo. Uingereza ikiwa ndani ya Umoja, wakazi wake walitumia kadi ya EHIC kutibiwa wakiwa likizoni. Wengi walidhani baada ya Brexit kadi hiyo imekufa kabisa. La. Pande hizo mbili zilikubaliana, na sasa Uingereza hutoa kadi ya GHIC. Ni ya bure, hudumu hadi miaka mitano, na huombwa kupitia NHS. EHIC ya zamani nayo hukubaliwa hadi tarehe iliyoandikwa juu yake ifike.

Kadi hii inafanya nini? Inakupa matibabu ya lazima kwenye hospitali ya serikali kwa masharti yaleyale ya mwenyeji. Hapo kwenye "mwenyeji" ndipo pa kusoma polepole. Kama mwenyeji hatozwi, nawe hutozwi. Kama mwenyeji hulipa sehemu, nawe utalipa sehemu. Ufaransa, kwa mfano, mgonjwa kwa kawaida humlipa daktari kwanza, kisha serikali humrudishia karibu asilimia 70. Inayobaki ni yako.

Na haya hapa hayalipiwi na GHIC hata kidogo:

- Hospitali au kliniki ya binafsi. Hoteli nyingi zikiita daktari, humwita wa binafsi, kwa hivyo uliza kabla ya kupanda gari la wagonjwa.
- Kusafirishwa kurudishwa Uingereza ukiwa mgonjwa.
- Kuokolewa mlimani, kwa mfano ukiumia ukiteleza kwenye theluji.
- Tiketi mpya ya ndege, hoteli ya ziada, au mzigo uliopotea.

Kwa hivyo kadi na bima ya safari ni vitu viwili tofauti, na unahitaji vyote viwili. Kadi inapunguza bili ya hospitali ya serikali. Bima inabeba yale mengine, na mara nyingi hayo mengine ndiyo ghali. Kama mtu ana kisukari au presha, alitaje jambo hilo anapokata bima. Akificha, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa.

Mtu akiwa hospitalini na kadi imebaki nyumbani, bado kuna njia. Yeye au jamaa yake anaweza kupiga simu NHS na kuomba cheti cha muda kinachochukua nafasi ya kadi. Mwambie hivyo ndugu yako kabla hujaanza kuchangisha pesa kwenye kundi la familia.

Jambo lingine: GHIC hutolewa zaidi kwa kuangalia makazi halali kuliko rangi ya pasipoti. Mkenya anayeishi na kufanya kazi Uingereza asijitoe mwenyewe kwenye foleni. Aombe, na NHS itamwambia kama anastahili na kama kuna nchi ambayo kadi yake haitumiki.

Mkenya aliyeoa au kuolewa na Mwingereza

Kuna badiliko ambalo halizungumzwi sana, na linawagusa watu wetu moja kwa moja. Kabla ya Brexit, mwenzi Mkenya wa raia wa Uingereza, wakisafiri pamoja kwenda nchi nyingine ya Umoja, alipewa viza ya bure na hakudaiwa kuonyesha bima ya safari. Mwenye kadi ya makazi ya jamaa wa raia wa Umoja hakuhitaji hata hiyo viza.

Haki hiyo ilitokana na uraia wa mwenzi wake, na mwenzi huyo sasa si raia wa Umoja. Leo, kwa likizo ya kawaida, Mkenya huyo anaomba viza ya Schengen kama anavyoiomba mtu anayetoka Nairobi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Na lazima awe na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, inayogharimia pia kurudishwa nyumbani.

Mume akiwa na pasipoti ya Ireland, hadithi ni nyingine. Ireland bado iko ndani ya Umoja, kwa hivyo mke wake Mkenya bado anaweza kudai viza ya bure wakisafiri pamoja kwenda Hispania au Ufaransa. Familia moja inaweza kulipa na jirani yake asilipe, tofauti ikiwa ni pasipoti ya mwenzi tu.

Na wewe unayetoka Kenya je?

Wengine husema Brexit ndiyo iliyofanya tuhitaji viza mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ulaya. Si kweli. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, kwa hivyo viza zilikuwa mbili tangu zamani. Ukitaka pia kufika Dublin, hesabu ya tatu, maana Ireland nayo iko nje ya Schengen.

Bima ya yuro 30,000 inakuhusu wewe pia. Usifikirie kuonyesha usajili wako wa SHA ubalozini. Hiyo haichukui nafasi ya bima ya safari.

Mzazi akienda London kumtembelea mwanawe kwa viza ya matembezi, GHIC ya mwanawe haimgusi. Huduma kwenye kitengo cha dharura cha hospitali ya NHS ni bure kwa kila mtu. Lakini akilazwa, bili inaanza kuhesabiwa, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama ya NHS. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kumharibia maombi ya viza siku za mbele. Hili nalo halikuletwa na Brexit, ila ni vizuri lijulikane. Mkatie mama bima kabla hajapanda ndege.

Laini ya simu

Ndani ya Umoja, tangu Juni 2017, mtu anatumia laini yake nchi nyingine kwa bei ya nyumbani. Ni sheria. Uingereza ilipotoka, sheria hiyo ikaacha kuyabana makampuni yake ya simu, na baadhi yakarudisha ada za kila siku. Ndugu yako aulize kampuni yake kabla ya safari. Akizima laini kukwepa ada, ujumbe wa benki wa kuthibitisha malipo hautamfikia, na hapo atashindwa kulipa hospitali hata kama pesa anazo.

Mahali matapeli wanaingilia

Sheria zikibadilika, matapeli hufurahi. Haya ndiyo ya kuangalia:

1. Tovuti zinazotoza pesa kwa GHIC. Kadi ni ya bure. Anayeitisha malipo, hata kidogo, si NHS.

2. Tovuti za kibali cha ETIAS. Kibali hiki, cha yuro 20, kimepangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026 kwa wageni wasiohitaji viza, kama Waingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya huomba viza, kwa hivyo ETIAS haimhusu. Akikuuzia mtu, kataa.

3. Ujumbe wa "nimelazwa Hispania, simu yangu imeibwa, tuma kwa namba hii". Mpigie ndugu yako kwa namba unayoijua wewe. Asiposhika, mpigie anayeishi naye. Uliza jina la hospitali, kama ni ya serikali au ya binafsi, kama ameonyesha GHIC, na kama kampuni ya bima imeshapigiwa. Mgonjwa wa kweli au aliye naye atakujibu. Tapeli atakuharakisha tu.

4. Anayeomba PIN yako ili "kuharakisha muamala kwenda ng'ambo". Hakuna muamala unaohitaji umpe mtu PIN. Sisi wenyewe hatutakuuliza.

Ukituma pesa na ukashuku umekosea au umetapeliwa, tupigie mara moja. Kadiri pesa zinavyokaa kwa aliyezipokea, ndivyo inavyokuwa vigumu kuzizuia.

Mtumie makala hii ndugu yako wa Uingereza kabla hajalipia hoteli, na umwombe akuhakikishie mambo manne: pasipoti ilitolewa lini, GHIC iko wapi, bima inalipia nini, na laini itafanya kazi akiwa huko. Kisha akupe namba ya dharura ya kampuni yake ya bima uiweke kwenye simu yako. Siku mambo yakiharibika, huenda ukapiga hiyo namba kwanza kabla ya kugusa akiba yako.