Kupanda Mlima Hanang: chagua mwezi kwanza

Kila Pasaka inapokaribia, wapo wanaopanga kupanda Mlima Hanang. Tunashauri wasubiri kidogo. Machi hadi Mei ni masika: njia ya Jorodom, inayoanzia Katesh, ni ya mwinuko mkali na udongo wake ukilowa huteleza.

Wana Hanang hawajasahau tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima iliyojaa maji ikameguka, matope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Haikuwa volkano kulipuka. Ilikuwa maji na udongo.

Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Mlima una urefu wa mita zipatazo 3,420, hivyo juu kuna baridi kali. Chukua sweta na koti. Beba maji ya kutosha tangu chini na uanze safari alfajiri.

Kumbuka, Hanang si hifadhi ya TANAPA. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali ulizia kwao, na usipande bila mwenyeji anayeijua njia.