Mtoto Wetu Anataka Kuwa Muuguzi: Serikali Inasaidia Wapi?

Tukitembelea vikundi, Lodwar hata Kakuma, swali huwa ni lile lile: "Si serikali inasomesha wauguzi? Mbona tunaitishwa karo?" Kweli inasaidia, lakini si bure, na msaada wenyewe uko mlango huu na ule. Kikundi kisichojua milango hiyo kitauza mbuzi wake na kubaki mikono mitupu.

Tangu Katiba ya 2010, kazi ya afya imegawanywa. Serikali ya kitaifa ndiyo yenye chuo cha KMTC, chenye tawi hapa Lodwar. Kaunti ndiyo inayoajiri wauguzi wa zahanati zetu. Basi kuitwa chuoni si kuahidiwa kazi, na aliyemaliza hungoja kaunti itangaze nafasi.

Watoto wetu wengi hukwama mapema, huko sekondari. Kwa diploma ya uuguzi, KMTC inataka wastani wa C katika KCSE, pia C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- ya Hisabati, Kemia au Fizikia. Msichana anaweza kuwa na B ya wastani, lakini kama Biolojia ilimwangusha, hapiti. Na wale walioingia Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya, wazazi waulize mapema kama wako kwenye mkondo wa sayansi. Kungoja matokeo ndipo tuanze kuhangaika, hapo tumechelewa.

Tangu 2023 maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, kwa kompyuta, na siku ya kufunga ikipita imepita. Anayechunga mbali na mtandao atajuaje? Hii ndiyo kazi ya kikundi: mmoja wenu afuatilie tarehe, na nauli ya kwenda saiba itoke kwenye sanduku. Mtoto aandike Lodwar kati ya chaguo zake, ingawa anaweza kupelekwa tawi la mbali.

Karo nayo? Kuna mkopo wa HELB, ambao ni deni, hulipwa baada ya masomo. Kuna basari ya kaunti, ambayo hairudishwi lakini mara nyingi haitoshi. Zote mbili zinataka karatasi: kitambulisho, cheti cha mtihani, barua ya kuitwa chuoni. Kwa hiyo kijana akifika miaka 18 aende kwa chifu kuanza mambo ya kitambulisho, asingoje. HELB pia hutaka wadhamini, na mdhamini si shahidi tu. Mkopaji akikataa kulipa, mdhamini anaweza kufuatwa. Lizungumzeni kwenye mkutano kabla ya mtu kutia sahihi.

Tungependa pesa ya kikundi iende pale mkopo na basari haviendi: chakula, malazi, nauli. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na mwanafunzi hawezi kulala nyumbani.

Kuna kikundi kimoja kilichangia karo ya chuo ambacho hakikuwa na kibali. Msichana alisoma, akamaliza, asipewe mtihani wa leseni. Baraza la Wauguzi la Kenya lina orodha ya vyuo vilivyokubaliwa. Iangalieni kwanza, kabla hata shilingi moja haijatoka.