Bukavu: Sambaza wanakula nini? Watafiti wa ISP wanatafuta jibu ndani ya Ziwa Kivu

BUKAVU – Asubuhi na mapema, wavuvi wanapotoka ziwani, mama wauzaji wanawasubiri kando ya maji wakiwa na mabeseni yao. Saa chache baadaye sambaza wanapimwa kwa kopo kwenye soko la Beach Muhanzi na lile la Kadutu, na jioni wanakuwa kwenye sahani pamoja na ugali wa muhogo. Kwa familia nyingi za Bukavu ambazo nyama ya ng'ombe ni ya sikukuu tu, samaki huyu mdogo ndiye kitoweo cha kila wiki.

Wengi hawajui kwamba sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitoka Ziwa Tanganyika. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vyake vililetwa huku na kumwagwa ziwani. Sababu ilikuwa rahisi: katikati ya Ziwa Kivu, mbali na pwani, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vingi vinavyoelea humo. Waliletwa ndagala wa aina mbili. Aina moja haikudumu. Ya pili, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilishika. Huyo ndiye sambaza wetu. Huku kwetu hafikii ukubwa wa ndugu zake waliobaki Tanganyika, lakini pia hakuna mukeke wa kumfukuza.

Tangu hapo swali ni lile lile: je, ziwa linaweza kumlisha mgeni huyu, na mgeni huyu anaweza kutulisha sisi hadi lini?

Kikosi kidogo, kazi ndefu

Hapa Bukavu swali hilo lina watu wake. Katika Taasisi ya Juu ya Ualimu, ambayo kila mmoja anaijua kwa jina la ISP, kuna kitengo cha mafunzo na utafiti juu ya viumbe vya majini, UERHA kwa kifupi. Watafiti wake wamefanya kazi miaka mingi pamoja na Chuo Kikuu cha Namur cha Ubelgiji. Mmoja wao, Boniface Kaningini, aliandika juu ya uvuvi wa sambaza katika miaka ya 1990. Baadaye Pascal Isumbisho alichunguza vijidudu ambavyo sambaza wanakula, naye Pascal Masilya Mulungula akawafuata samaki wenyewe.

Kazi yao haina maajabu ya kuonyesha kwenye televisheni. Wanapanda mtumbwi na kwenda Ishungu, upande wa Kabare, mahali ambapo maji ni mengi na ziwa limetulia. Wanashusha sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba, wanaandika ni mita ngapi kabla haijapotea machoni. Hiyo inawaonyesha kama maji ni safi au yamejaa mwani. Wanapima joto na oksijeni kila baada ya mita kadhaa. Wanavuta wavu mwembamba kutoka chini kwenda juu, na kinachobaki ndani wanakiweka kwenye chupa, kisha wanakihesabu kwa hadubini katika labo. Baada ya wiki mbili wanarudi mahali pale pale, wanafanya vile vile.

Kurudi huko ndiko kunakowapa jibu. Ziwa Kivu lina kilometa za mraba karibu 2,400 na kina cha mita 485, lakini sehemu inayopumua ni ndogo. Oksijeni inafika mita 60 au 70 tu. Chini ya hapo hakuna samaki. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, upepo wa kiangazi na baridi ya usiku vinachanganya maji ya juu. Mbolea iliyokuwa imelala chini kidogo inapanda, mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, na sambaza wanakula vijidudu. Mtu aliyepima mara moja katika mwezi wa pili hawezi kuona hayo. Anayepima kila baada ya wiki mbili, kwa miaka, anayaona.

Utabiri ambao haukutimia

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha faida ya uvumilivu huo. Mwaka 1986, mtaalamu wa Ubelgiji Henri Dumont alitoa onyo kali. Kabla ya sambaza kuletwa, ziwa lilikuwa na kijidudu kikubwa kinachoitwa dafnia, mlaji mkuu wa mwani. Baadaye hakikuonekana tena, kwa sababu sambaza walikuwa wamekimaliza. Dumont alijiuliza kama Afrika haikuwa imepata janga lingine la mazingira: mgeni akishamaliza chakula, naye atakwisha.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2006, Isumbisho na wenzake walitangaza walichokuta kwenye chupa zao. Ni kweli, dafnia hayupo tena, na vijidudu vilivyobaki ni vidogo na vichache kuliko vya zamani. Lakini sambaza hawajakwisha. Wanaishi kwa hivyo vilivyobaki. Kisha mwaka 2012, utafiti mwingine ambao Masilya Mulungula alishiriki ulitumia chombo cha kupiga sauti ndani ya maji ili kukadiria samaki. Hesabu ya mwaka 2008 haikuwa mbali sana na ile ya miaka ya 1980.

Kwa mvuvi anayelalamika kwamba anarudi na kidogo kuliko baba yake, habari hiyo inaweza kushangaza. Inatupa swali la kujiuliza: kama samaki ni wale wale, nyavu je? Samaki walewale wakigawanywa kwa mitumbwi mingi zaidi, kila mtumbwi lazima upate kidogo.

Jambo moja watafiti wanalirudia bila kusita. Sambaza wakubwa wanakaa katikati ya ziwa, ambako wavuvi wanawavuta usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja. Wadogo wanakulia kando ya pwani. Mtu anayeburuta chandarua cha mbu kwenye ufuko anavua sambaza ambao hawajazaa hata mara moja. Upande wa Rwanda, uvuvi unafungwa karibu miezi miwili kila mwaka. Lakini samaki hawajui mpaka. Kufunga upande mmoja na kuacha mwingine ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Na wageni hawajaacha kuja. Tangu 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ameonekana katika nyavu za Ziwa Kivu. Watafiti wa Bukavu wamefungua tumbo lake ili kujua kama anagombania chakula na sambaza. Safari hii, kulikuwa na watu hapa hapa wa kumtazama mgeni tangu mwanzo.

Kutoka labo hadi darasani

ISP ina nafasi ambayo vyuo vingine vingi havina: kazi yake ya kwanza ni kufundisha walimu. Kijana aliyejifunza pale kuhesabu vijidudu kwa hadubini kesho atasimama mbele ya watoto wa sekondari huko Kalehe, Idjwi, Walungu au Uvira. Akiwa na ndoo moja ya maji ya ziwa na kioo cha kukuza, anaweza kuwaonyesha watoto chakula cha samaki wanaokula nyumbani. Mtoto wa mvuvi aliyeona hivyo atamwelewa haraka anayemkataza chandarua.

Elimu hiyo inahitajika pia kwa mambo mengine. Mto Kawa unapita katikati ya makazi na kushusha taka ziwani. Chupa na mifuko ya plastiki inafuata maji hadi kwenye mdomo wa Ruzizi, njia pekee ambayo ziwa linatokea. Hapo kuna bwawa la Ruzizi I, linalotoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mara kadhaa taka zimeziba mitambo, na mji ukabaki gizani. Anayetupa chupa kwenye mfereji wa Kadutu anaweza kuzima taa yake mwenyewe.

Kuna pia hofu ya gesi. Chini ya ziwa kumelala karibu kilometa za ujazo 60 za gesi ya metani na 300 za gesi ya kaboni. Kila mtu amesikia habari za Ziwa Nyos huko Kameruni, ambako gesi iliua watu karibu 1,700 mwezi wa nane 1986. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya Goma ikahamishwa, uvumi juu ya ziwa ulizunguka kwenye simu kuliko habari za kweli. Siku kama hiyo, mji unahitaji watu wanaolijua ziwa na wanaoweza kueleza kwa lugha ya watu.

Pengo lisilozibika

Kazi hii inategemea mafuta ya mtumbwi, dawa za labo, umeme, na usalama wa njia. Sehemu kubwa ya fedha imetoka kwa miradi ya nje, na mradi una tarehe ya mwisho. Kivu ya Kusini imepita vita moja hadi nyingine, na mwezi wa pili 2025 mji wenyewe ulichukuliwa na AFC/M23. Katika hali kama hiyo ni rahisi kusema kwamba kuhesabu vijidudu kunaweza kungoja.

Ziwa halingoji. Jengo lililobomoka linaweza kujengwa tena, lakini kipimo cha maji ambacho hakikuchukuliwa wiki hii hakuna anayeweza kukichukua mwakani. Mama wa Beach Muhanzi ataendelea kupima sambaza kwa kopo lake kila asubuhi. Kujua kama kopo hilo litajaa pia kwa watoto wake kunahitaji mtu wa kupanda mtumbwi kwenda Ishungu, na kurudi huko tena baada ya wiki mbili.